Kibodi ya PC mbele ya mashine za zamani: Backspace, mishale, Gold na PF17

Swali: Kompyuta yangu ya kazi ni ya Linux na ina kibodi ya kawaida ya PC. Siku hizi kazi yake kubwa ni kuwa terminali tu: naingia kwenye seva za Unix kwa SSH, kwenye mashine moja ya OpenVMS kwa Telnet, na kwenye meinfremu ya IBM kwa x3270. Backspace kwingine inafuta, kwingine inaandika ^H, na kule VMS inanirudisha mwanzo wa mstari. Ndani ya kihariri cha vi mishale inaniandikia herufi A na B. Mwongozo wa VMS unanitaka nibonyeze Gold, wa meinfremu unataka PF17, na vitufe hivyo mimi sivioni. Ninunue kibodi maalumu, au kuna mpangilio mmoja wa kumaliza haya yote?

Jibu: Kibodi usinunue, angalau kwa sasa. Na mpangilio mmoja wa kumaliza yote haupo. Ila matatizo yako yote yana mzizi mmoja, na ukiushika huo, kila moja linakuwa kazi ya dakika chache.

Mashine ya upande wa pili haijawahi kuiona kibodi yako. Inachokiona ni baiti zinazoingia. Ukibonyeza b, hutumi kitufe, unatuma namba 98. Ukibonyeza mshale wa juu, zinakwenda baiti tatu zikifuatana. Nani kaamua ziwe tatu, na ziwe hizo? Si kibodi. Ni programu inayoigiza terminali kwenye skrini yako. Humu nitaiita kiigizi. Zamani jambo hili halikuwa na utata. DEC, kampuni iliyotengeneza VMS, ilipotoa terminali ya VT100 mwaka 1978, skrini, kibodi na baiti vilitoka kiwanda kimoja, na maandishi yaliyo juu ya kitufe yalilingana na kinachotumwa. Leo umeunganisha vitu vitatu visivyojuana: kibodi iliyoundwa kwa ajili ya PC, kiigizi kilichoandikwa na watu wengine, na mashine inayoamini bado inaongea na terminali ya miaka ya 80. Ugomvi uko kwenye maungio hayo.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa mpangilio wowote, jizoeze kuziona baiti. Watu wengi hurukia kubadilisha faili za mipangilio wakibahatisha, na mwisho wanakuwa na makosa mawili yanayofichana. Fungua kiigizi chako, hapo hapo kwenye kompyuta yako, andika `cat -v` na ubonyeze vitufe unavyovishuku. Mshale wa juu utajitokeza kama ^[[A au ^[OA, hiyo ^[ ndiyo ESC, namba 27. Backspace haitaonekana kwa njia hiyo kwa sababu tty, sehemu ya mfumo inayopokea unachoandika kabla ya programu, huidaka na kuitekeleza, basi itanguliwe na Ctrl+V: utaona ama ^H (namba 8) ama ^? (namba 127). Ukipenda namba kamili, Linux ina `showkey -a`, na unatoka kwa Ctrl+D. Kitufe kisipotoa kitu chochote, maana yake kimemezwa humo humo ndani kabla hata ya kufika kwenye kiigizi. Hapo `xev` itakuonyesha kama mfumo wa madirisha umekipata.

Andika matokeo kwenye karatasi. Hiyo karatasi ina thamani kuliko ushauri wangu wote unaofuata.

Sasa Backspace, ambayo nitaichimba kwa kuwa ndiyo inayowatesa wengi na ndiyo yenye historia ya kuchekesha. Namba 8 kwenye ASCII (jedwali la namba za herufi), BS, haikuwekwa kwa ajili ya kufuta. Ilikuwa ya kurudisha kichwa cha kuchapia nyuma hatua moja, ili upige alama nyingine juu ya ile ya kwanza. Kufuta kulikuwa kazi ya namba 127, DEL. Kwa nini 127? Kwa sababu ni biti saba zote zikiwa moja, na kwenye utepe wa karatasi hiyo ni mashimo saba. Shimo likishatobolewa haliwezi kuzibwa, lakini herufi yoyote iliyokosewa unaweza kuitoboa mashimo yote saba, na msomaji wa utepe akairuka. Mashine ya Teletype Model 33 ilikuwa na kitufe chake kabisa, kimeandikwa RUBOUT. VT100 nayo ilikuwa na vyote viwili, Backspace na Delete, kila kimoja na namba yake. VT220 ya mwaka 1983 ikaja na kibodi mpya, LK201, yenye kitufe kimoja kikubwa cha kufutia pale pale ambapo PC inaweka Backspace, na kitufe hicho kilituma 127. PC ikachora jina Backspace juu ya kitufe cha mahali hapo hapo. Tangu hapo, nusu ya waandishi wa programu wakasoma jina na kutuma 8, nusu nyingine wakaangalia mahali kilipo na kutuma 127.

Vitu vinavyopaswa kukubaliana ni vitatu: kiigizi kinatuma nini, tty ya mashine ya mbali inangoja nini (hiyo unaiona kwa `stty -a`, penye neno erase), na maelezo ya terminali kwenye hifadhidata ya terminfo yanasema nini chini ya jina kbs. Maoni yangu, na nimeyashikilia kwa miaka: chagua 127 kila mahali. Kiini cha Linux chenyewe huanza na 127. Emacs inaitumia Ctrl+H, yaani 8, kuita msaada, hivyo anayetuma 8 akitaka kufuta anaitiwa msaada ambao hakuuomba. Na VMS ndiyo yenye ushahidi mkali zaidi: kwake 127 ni kufuta, na 8 ni amri ya kupeleka kishale mwanzo wa mstari. Unaona basi kwamba mashine yako ya VMS haina hitilafu. Imetii ulichokituma.

Kwenye xterm unaandika `XTerm*backarrowKey: false` katika faili ya .Xresources, ukiwa na PuTTY, nenda ukurasa wa Keyboard uchague Control-? (127). Viigizi vingine vina sehemu yake kwenye mapendeleo.

Baada ya hapo zitabaki seva moja mbili za Unix zinazoendelea kukuandikia ^?. Usikimbilie kuweka `stty erase` popote. SSH, kwa mujibu wa RFC 4254 (waraka wa kanuni zake), hubeba jina la terminali pamoja na mipangilio ya tty, ikiwemo herufi ya kufutia. Ikiwa upande wako uko sawa, upande wa pili unapaswa kuwa sawa tangu unaingia, isipokuwa kuna kitu huko kinachoharibu. Na mara nyingi kipo: mstari mmoja wa `stty erase ^H` ndani ya /etc/profile au .profile, ulioachwa na mtu aliyekuwa na terminali ambayo imeshatupwa zamani. Najua hivyo kwa sababu mtu mmoja wa namna hiyo nilikuwa mimi. Niliwahi kuuweka mstari huo kwenye profile ya watumiaji wote ili Backspace yangu ifanye kazi, nikaenda nyumbani nimefurahi. Kesho yake asubuhi kila aliyetumia kiigizi tofauti na changu alikuwa anaandika ^? badala ya kufuta. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tangu siku ile sirekebishi kwenye seva jambo linaloweza kurekebishwa kwenye kiigizi.

Delete, ile ndogo iliyo juu ya mishale, ni kitu kingine kabisa: hutuma ESC[3~. Ganda (shell) la zamani lisiloifahamu hula sehemu ya mwanzo na kukuachia alama ya ~ pekee. Ndani ya vi alama hiyo ni amri ya kugeuza herufi ndogo kuwa kubwa na kubwa kuwa ndogo, kwa hiyo usishangae ukibonyeza Delete na herufi ikabadilika badala ya kutoweka.

Tuje kwenye mishale yako ndani ya vi. Mishale ina lahaja mbili. Katika hali ya kawaida, mshale wa juu ni ESC [ A, katika hali inayoitwa ya programu, ni ESC O A. Programu ya skrini nzima inapoanza hukiambia kiigizi kihamie lahaja ya pili, na inapotoka hukirudisha. Sasa fikiria vi ambayo haikuutambua mfuatano huo kama kitufe kimoja, ikaupokea herufi kwa herufi. ESC inamaliza kuandika. O, kwenye vi, inafungua mstari mpya juu. A inaandikwa hapo. Ndiyo maana unapata mistari mipya yenye A, B, C au D. Si takataka ya bahati mbaya. Vi imefanya kila ulichoiagiza.

Sababu zake ni tatu, na zichunguze kwa utaratibu huu. Ya kwanza ndiyo nyepesi: mifumo mingi huja na vim iliyopunguzwa ambayo huanza kwa tabia za vi ya kale, na katika tabia hizo mishale haifanyi kazi ukiwa unaandika. Jaribu `:set nocompatible`. Ikipona, umemaliza, andika `set nocompatible` ndani ya .vimrc. Ya pili ni kwamba kigeu cha TERM kinadanganya, nitakirudia sasa hivi. Ya tatu ni muda. Baiti ya ESC peke yake ni kitufe cha Esc, na hiyo hiyo ndiyo mwanzo wa mshale. Programu haina njia ya kuzitofautisha ila kungoja kidogo ione kama kuna kinachofuata. Laini ikiwa nzito, baiti zikafika zimeachana, mshale unageuka Esc na herufi mbili za ziada. Ncurses, maktaba inayotumiwa na programu nyingi za skrini nzima, hungoja milisekunde 1000 kama hukuibadilisha kwa ESCDELAY. Vim ina ttimeoutlen. Ukiongeza muda, mishale inapona lakini Esc inakuwa nzito kujibu. Ukipunguza, ni kinyume chake. Kwa laini mbovu mimi huweka milisekunde 200 au 300 kisha naacha kulalamika.

TERM ni ahadi. Ni jina unalolipeleka upande wa pili likisema, "mimi ni terminali ya aina fulani, tafuta maelezo yangu." SSH hulipeleka yenyewe. Telnet nayo hulipeleka kwa kipengele chake cha aina ya terminali, RFC 1091 ya mwaka 1989. Waya wa serieli haupeleki chochote, huko lazima uliandike mwenyewe baada ya kuingia. Ukiwa ndani ya seva, `echo $TERM` itakuambia jina lililofika, na `infocmp` itakuonyesha maelezo ambayo seva inayo. Linganisha na ile karatasi yako. Kama karatasi inasema F1 yako ni ESC[[A, ambayo ni desturi ya konsoli ya Linux, na TERM inasema xterm, ambako F1 ni ESC O P, basi umeshampata mwizi.

Kuna dawa moja ya mitaani ambayo utaelekezwa na kila mtu: `export TERM=vt100`. Inafanya kazi, kwa maana ile ile ya kukata mguu ili kiatu kisibane. VT100 haikuwa na Page Up, Insert wala Home, kwa hiyo ukijitangaza kuwa VT100 unaiambia seva isivitarajie vitufe hivyo. Kama shida ni kwamba seva ya zamani haijui jina la kiigizi chako kipya, mpelekee maelezo yenyewe: `infocmp -x | ssh seva tic -x -`. Yatakaa ndani ya .terminfo kwenye saraka yako, na huhitaji kibali cha msimamizi. Ikiwa `tic` ya huko ni ya kale mno na inakataa, ndipo ushuke kwa TERM=xterm, si vt100.

Sasa Gold. Hapa kibodi ya PC na ile ya DEC zinagongana kimwili, maana vitufe vyenyewe havilingani kwa idadi. Kisanduku cha namba cha VT kina vitufe 18, cha PC kina 17. Safu ya juu ya VT ni PF1, PF2, PF3, PF4. Ya PC ni Num Lock, /, *, na alama ya kutoa. Chini yake VT ina alama ya kutoa na mkato, vitufe viwili vifupi, mahali ambapo PC imeweka + moja ndefu. Gold ni jina tu la PF1. Katika kihariri cha EDT, unaibonyeza na kuiachia kabla ya kitufe kingine, na kitufe hicho kinapata maana ya pili. PF2 ni msaada, PF3 hutafuta tena, PF4 hufuta mstari, alama ya kutoa hufuta neno na mkato hufuta herufi. Walioizoea hufanya hivyo bila kutazama, ndiyo maana mwongozo wao hauelezi kitufe kiko wapi.

Habari njema ni kwamba PF1 ya VT100 ilituma ESC O P, na F1 ya xterm inatuma ESC O P hiyo hiyo. Kwa macho ya VMS, F1 yako ni Gold tayari, na F2, F3, F4 ni PF2 hadi PF4. Jaribu leo. Shida itakayobaki ni kwamba mkono wa kulia unafanya kazi kwenye kisanduku cha namba wakati Gold iko juu kushoto. Kwa anayeingia VMS mara moja kwa wiki, hilo linavumilika. Kwa anayehariri humo kutwa nzima, PuTTY hulishughulikia jambo hili vizuri: mashine inapoomba hali ya programu kwa kisanduku cha namba, Num Lock inaacha kuwa Num Lock na kuwa PF1, na ile + ndefu hufanya kazi ya mkato, ikishikwa pamoja na Shift inakuwa alama ya kutoa. Chagua VT400 kwenye orodha ya vitufe vya kazi, na hakikisha kwenye ukurasa wa Features hakuna aliyeizima hali hiyo. xterm nayo ina menyu yenye chaguo la VT220 Keyboard. Unaipata kwa kushika Ctrl na kubonyeza kitufe cha kipanya. Ukilichagua, + inakuwa mkato, na Ctrl pamoja na F1 hadi F10 inakupa F11 hadi F20.

Hizo F11 hadi F20 utazihitaji zaidi ya unavyodhani. Kwenye VT220, F1 hadi F5 hazikuwahi kutuma msimbo wa kitufe kwenye laini, zilikuwa za terminali yenyewe: kusimamisha skrini, kuchapa, kupanga mipangilio, na kadhalika. Programu za VMS ziliandikwa zikianzia F6. F15 iliandikwa Help na F16 iliandikwa Do, mwongozo ukikuambia "bonyeza Do", unatakiwa kutuma ESC[29~. LK201 haikuwa hata na kitufe cha Esc: aliyekitaka katika hali ya VT100 alibonyeza F11. Na vile vitufe sita vilivyo juu ya mishale, vya PC na vya DEC, viko mahali pale pale lakini vina majina tofauti: Find, Insert Here, Remove, Select, Prev na Next. Kumbuka hili unapofuata maelekezo ya mtu anayeangalia kibodi ya DEC huku wewe unaangalia ya PC. Mnaweza kubishana nusu saa kwenye simu.

Meinfremu ni dunia nyingine, na humo usahau karibu kila nilichosema. Familia ya 3270, iliyoanza mwaka 1971, haitumi kitufe kimoja kimoja. Unajaza fomu kwenye skrini, kwa kawaida mistari 24 ya herufi 80, na mashine haijui lolote hadi ubonyeze kitufe cha kutuma. Hapo kiigizi kinatuma baiti moja inayotaja kitufe gani kimebonyezwa, kikifuatiwa na mahali kishale kilipo na sehemu ulizobadilisha. PF17 ni moja ya baiti hizo. Hakuna TERM ya kuikosea vitufe, hakuna `stty`, na Backspace ni jambo la ndani ya kiigizi chako tu. Kwa hiyo hapa swali lote linakuwa rahisi: kitufe gani cha PC kimepewa kazi gani ndani ya x3270?

Kibodi za IBM za enzi hizo zenye vitufe 122 zilikuwa na PF1 hadi PF24 katika safu mbili juu. PC ina 12. Desturi iliyoenea ni kwamba Shift inaongeza 12, kwa hiyo PF17 ni Shift+F5. Ikikataa kwako, iandike mwenyewe kwenye ramani ya vitufe ya x3270: `Shift<Key>F5: PF(17)`. Ukiwa na haraka, x3270 ina kibodi ndogo ya kubonyeza kwa kipanya yenye PF zote, pamoja na PA1, PA2 na Clear. Haipendezi, lakini siku ya kwanza inakuokoa.

Linalowachanganya watu zaidi ya PF ni Enter. Kwenye kibodi ya 3270, kitufe kikubwa cha kulia ambacho wewe unakiita Enter kilikuwa cha mstari mpya: kilipeleka kishale kwenye sehemu ya kwanza ya kuandikia katika mstari unaofuata, hakikutuma chochote. Enter halisi ilikuwa chini kulia, pale ambapo PC ina Ctrl ya kulia. Viigizi vingi vya kibiashara vinaheshimu mpangilio huo wa kale; x3270 yenyewe huanza na Return kuwa Enter. Aliyezoea kimoja akikalia kingine hutuma fomu nusu nusu, na kwenye mfumo wa malipo hiyo si mzaha. Amua upande mmoja. Mimi, kwa mtu anayeruka kati ya Unix na meinfremu kama wewe, ningeacha Return iwe Enter. Ukitaka ule wa kale, ni mistari miwili: `<Key>Return: Newline()` na `<Key>Control_R: Enter()`.

Kibodi ikifungika na alama ya X ikatokea chini ya skrini, usibonyeze kila kitu kwa hasira. Ama mashine bado inafanya kazi, basi ngoja. Ama umejaribu kuandika mahali palipozuiwa, basi bonyeza Reset. Hakikisha unajua Reset yako iko wapi kabla hujaihitaji.

Kama mabano ya mraba yanatokea kama alama za ajabu kwenye meinfremu, kibodi haihusiki tena. EBCDIC, mfumo wa meinfremu wa kuzipa herufi namba, ina kurasa nyingi za misimbo, na mabano hayo huhama: kwenye ukurasa wa 037 yako BA na BB kwa namba za msingi wa 16, kwenye 1047 yako AD na BD. Waulize wasimamizi wanatumia upi, kisha uutaje kwa `-codepage` kwenye x3270 mpya au `-charset` kwenye matoleo ya zamani.

Kuna vitufe visivyofika popote kwa sababu kompyuta yako imevila. F10 mara nyingi hufungua menyu ya dirisha la kiigizi, F11 hupanua dirisha, F1 huleta msaada. GNOME Terminal ina mahali pa kuizima F10 na njia nyingine za mkato. Zizime zote kwenye wasifu wa kazi. Terminali iliyo ndani ya kivinjari ni hatari zaidi: Ctrl+W, ambayo ganda huitumia kufuta neno, kivinjari huitumia kufunga kichupo, na kazi yako ikaenda nacho. Alt ya kulia, kwa wanaotumia mpangilio wenye herufi za tatu, haiwezi wakati huo huo kuwa Meta ya Emacs. Tumia ya kushoto.

Ukiona skrini imeganda kabisa, huenda umegusa Ctrl+S. Hiyo ni namba 19, ishara ya kusimamisha matokeo; Ctrl+Q inayaachia. Kwenye Unix `stty -ixon` huondoa tabia hiyo. Na usipoteze siku nzima ukitaka seva itofautishe Ctrl+I na Tab, au Ctrl+M na Enter. Kwa terminali ya kawaida, Ctrl huondoa biti za juu za herufi: I inabaki 9, ambayo ndiyo Tab, na M inabaki 13, ambayo ndiyo Enter. Zikiingia kwenye laini zimeshakuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo tengeneza wasifu tatu, si mmoja: wa Unix wenye TERM ya kweli na 127; wa VMS wenye 127, kibodi ya VT220 au VT400 na njia za mkato zote zimezimwa; na wa meinfremu wenye ramani yake ya vitufe na ukurasa sahihi wa misimbo. Upe kila mmoja rangi yake ya nyuma. Mikono hukumbuka rangi haraka kuliko jina lililo juu ya dirisha. Anza na wa VMS, ndio utakaokupa nafuu kubwa kwa kazi ndogo.

Kibodi maalumu niliyokuambia usinunue ina mahali pake. Ukiona baada ya miezi michache kwamba saa nyingi za siku uko ndani ya 3270, ile ya vitufe 122 yenye USB itakupa safu mbili za PF bila kushika Shift. Lakini uliza kwanza safu ya juu inatuma nini: baadhi yake hutuma tu Shift+F1 hadi Shift+F12, jambo ambalo kwa x3270 halina ubaya hata kidogo, ila ndani ya programu nyingine zitakuwa Shift na F za kawaida. Kabla ya kufika huko, jaribu utepe wa karatasi uliokatwa kwa urefu wa safu ya F, ukiwa umeandikwa PF13 hadi PF24 kwa kalamu, na uubandike juu ya vitufe. Wangu una miaka mingi na gundi yake bado inashika.